Kabla Tingatinga Halijashushwa

Mafuriko yakishapita, kinachofuata karibu kila mahali ni tingatinga. Linaletwa juu ya lori, linashushwa kando ya daraja, watoto wanakimbilia kulitazama, na diwani aliyevaa fulana ya kung'aa anapigwa nalo picha. Baada ya siku chache mto umenyooshwa. Tope limechotwa na kurundikwa ukingoni, vichaka vimeng'olewa, kona zilizokuwa zikizunguka mashamba zimekatwa, na maji yanapita katikati kama mtaro wa barabarani. Watu wanashukuru, na wana haki ya kushukuru, maana angalau serikali imeonekana. Maswali huja na mvua inayofuata, na mara nyingi wanaouliza si wale walioshukuru. Ni watu wa kijiji cha chini.

Sura hii inahusu kazi inayopaswa kutangulia tingatinga, nayo ni kuupigia mto hesabu. Wahandisi huita kazi hiyo modeli ya haidroliki: programu ya kompyuta inayochukua umbo la mto na kiasi cha maji yanayokuja, kisha ikaonyesha maji yatafika wapi, kwa kina gani, kwa kasi gani, na yatakaa muda gani. Ukiwa nayo unaweza kuuchimba mto, kuujengea tuta au kuurudishia kinamasi chake kwenye skrini kabla ya kugusa shamba la mtu. Nimechagua kuieleza nikiwa nimeelekeza macho Busitema, kwa sababu sijui mahali pengine Afrika Mashariki ambapo mambo yote yanayoifanya kazi hii iwe ngumu yamekusanyika karibu hivyo.

Busitema iko wilaya ya Busia, mashariki mwa Uganda, kando ya barabara kuu itokayo Jinja kwenda Tororo. Chuo Kikuu cha Busitema kilianzishwa mwaka 2007 pale palipokuwa na chuo cha taifa cha zana za kilimo, na uhandisi wa rasilimali za maji ni miongoni mwa masomo yake. Mito ya huko ina tabia mbalimbali. Malaba unashuka kutoka Mlima Elgon. Huko juu unaitwa Lwakhakha, na kwa kipande kizuri cha safari yake ndio mpaka wa Uganda na Kenya. Ukishaupita mji wa Malaba unaingia Uganda, unawapa watu wa Tororo maji ya bomba, kisha unapotelea kwenye mafunjo na kuungana na Mpologoma kuelekea Ziwa Kyoga. Mto Sio unaanzia Kenya, unapita karibu na mji wa Busia, unageuka kuwa mpaka, na kumwaga maji yake Ziwa Victoria. Kaskazini mwa Tororo kuna Manafwa, unaotoka milima ya Bududa hadi mashamba ya mpunga ya Doho wilayani Butaleja. Upande wa Kenya kuna Nzoia, mkubwa kuliko yote hiyo, wenye bonde linalozidi kilomita za mraba 12,000.

Sehemu ya maji hayo, na kwa Malaba na Manafwa karibu yote, inatoka mlima mmoja, Elgon. Mvua nzito za Elgon hupenda kunyesha mchana na jioni, na wimbi lake mara nyingi hufika bondeni usiku, watu wamelala. Ndivyo ilivyokuwa mjini Mbale usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika na kuua watu zaidi ya 20.

Modeli zenyewe ni za aina mbili, na hata kwenye mikutano ya wilaya watu huzichanganya. Ya kwanza, ya haidrolojia, inajibu swali la mvua: ikinyesha kiasi hiki juu ya Elgon, mita ngapi za ujazo zitapita kila sekunde chini ya daraja, na saa ngapi? Ukanda huu una historia ndefu ya hesabu hizo kuliko watu wanavyodhani. Miaka ya 1970 maabara ya Uingereza ya utafiti wa barabara ilitoa modeli ya mafuriko ya Afrika Mashariki, iliyotokana na vipimo vya mabonde madogo ya Kenya na Uganda, ili wajenzi wajue kalavati liwe la ukubwa gani. Mwaka 2013 wanafunzi wa uzamili wa chuo cha MIT cha Marekani waliiundia Shirika la Msalaba Mwekundu la Uganda modeli ya namna hiyo kwa bonde la Manafwa, na mwaka 2014 ving'ora vya tahadhari vinavyotumia umeme wa jua vikasimikwa Butaleja kwa ushirikiano wa Shirika la Mawasiliano la Kimataifa na Tume ya Mawasiliano ya Uganda. King'ora kinakuambia ukimbie. Hakikuambii mto utengenezwe vipi baada ya kurudi nyumbani.

Hiyo ni kazi ya modeli ya pili, ya haidroliki. Kiini chake ni milinganyo aliyoiandika Mfaransa Barré de Saint-Venant mwaka 1871, inayosema mambo mawili tu: maji hayapotei njiani, na mwendo wake hutokana na nguvu zinazoyasukuma na zinazoyazuia. Kinachosukuma ni mteremko na uzito wa maji. Kinachozuia ni mkwaruzo wa sakafu na kingo, na hapo ndipo anapoingia mhandisi wa Ayalandi, Robert Manning, aliyewasilisha kanuni yake mwaka 1889. Kanuni ya Manning inafundishwa hadi leo katika kila darasa la maji, Busitema ikiwemo, na ni rahisi kiasi kwamba unaweza kuifanya kwa kikokotoo cha simu.

Tuifanye. Chukua mto wa mfano wenye upana wa mita 12 na kina cha mita 2, unaoshuka mita 1 kwa kila kilomita. Uwe na udongo na majani kiasi, jambo ambalo wahandisi hulipa namba ya ukwaru ya 0.035. Kasi inatoka mita 1.2 hivi kwa sekunde, na mto unapitisha mita za ujazo 28 kila sekunde. Sasa acha vichaka na magugu viote ndani yake hadi ukwaru ufike 0.07. Mto uleule, kwa kina kilekile, unapitisha 14. Nusu nyingine inapanda ukingo na kuingia shambani. Kwa hiyo yule anayepiga kelele kwamba mto usafishwe hajakosea hesabu.

Lakini endelea. Badala ya kusafisha tu, kata kona, ili kipande kilichokuwa kinazunguka kilomita 4 kibaki kilomita 2. Maji yanashuka kimo kilekile kwa nusu ya safari, kwa hiyo mteremko ni mara mbili. Kasi hufuata kipeuo cha pili cha mteremko, basi inapanda kwa asilimia 41, na ule mto wa 28 sasa unapitisha 40. Kijiji kilichonyooshewa mto kimepona. Zile 40 zinamfikia jirani wa chini mapema kuliko zamani, na mto wa jirani huyo bado ni wa 28. Zaidi ya hayo, uwezo wa maji kubeba udongo hupanda haraka kuliko kasi yenyewe. Mto ulionyooshwa huanza kujichimba, na mchimbo huo hurudi nyuma kuelekea juu, ukila kingo na kuanika misingi ya madaraja ambayo tingatinga halikuyagusa kabisa.

Wamarekani walijifunza hili kwa gharama kubwa. Kati ya mwaka 1962 na 1971 kikosi cha wahandisi wa jeshi lao kiliunyoosha mto Kissimmee wa Florida baada ya mafuriko, kikageuza kilomita 166 za kona kuwa mfereji wa kilomita 90. Mabwawa ya pembeni yakakauka, ndege na samaki wakapungua sana. Mwaka 1999 kikosi hichohicho kikaanza kufukia sehemu ya mfereji kiliouchimba chenyewe, na kazi ikakamilika mwaka 2021. Jambo linalonifurahisha ni kwamba mojawapo ya programu zinazotumika sana duniani kwa modeli za mito, HEC-RAS, inatengenezwa na kituo cha kikosi hicho kilichopo Davis, California. Ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1995, na tangu toleo la mwaka 2016 inaweza kuyafuata maji yanapotawanyika pande zote kwenye bonde tambarare, badala ya kuyafuata mbele na nyuma tu kama treni relini. Ni ya bure. Mwanafunzi wa Busitema mwenye kompyuta ya mkononi ana chombo kilekile alicho nacho mshauri wa kampuni ya Ulaya.

Wanachopishana ni data, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu modeli nyingi mbaya nilizowahi kusoma ziliharibikia hapa, kabla hata programu haijafunguliwa.

Kwanza ni sura ya ardhi. Ramani ya miinuko ambayo watu wengi hupakua ni ile iliyopigwa kwa rada kutoka chombo cha anga cha Endeavour mwezi Februari 2000, ikaimulika sehemu kubwa ya dunia kwa siku 11. Kwa milima ya Bududa inafaa sana. Kwa kinamasi cha Malaba inapotosha. Rada ile haikuweza kupenya mafunjo yaliyoshonana, kwa hiyo iliposhuka juu ya kinamasi ilirekodi vichwa vya mafunjo, ambayo hukua mita tatu, nne na zaidi, ikaviita ardhi. Ukiipa modeli ramani hiyo bila kuirekebisha, kinamasi kinakuwa kilima. Maji yanakikwepa, yanakwenda kufurika mahali ambapo hayajawahi kufika, na skrini inakupa picha nzuri ya rangi ya bluu ambayo mkulima yeyote wa pale ataicheka. Uongo huu una upande wa pili: mahali mafunjo yalipofyekwa kwa ajili ya mpunga kabla ya mwaka 2000 panaonekana shimo, na modeli itapajaza maji ambayo hayapo.

Dawa yake ni miguu. Timu inaingia mtoni kiangazi, mpunga ukiwa umevunwa, na kupima mikato: kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, hatua kwa hatua, mmoja ameshika fito yenye vipimo ndani ya maji, mwingine amesimama na darubini ya wapima ardhi kwenye udongo mkavu, wa tatu anaandika. Sehemu zilizo wazi hupigwa picha kwa droni. Droni nayo haioni chini ya mafunjo wala chini ya maji, ingawa wauzaji wake hawapendi kulisema hilo kwa sauti.

Pili ni maji yenyewe. Kwenye vituo vya kupimia mito kuna vibao vyenye sentimita vilivyosimikwa ukingoni, na mwenyeji aliyepewa posho ndogo huvisoma asubuhi au jioni na kuandika daftarini. Kwa mto mkubwa wa mwendo wa pole kama Nzoia pale daraja la Rwambwa, hilo linatosha. Kwa kijito cha Elgon kinachojaa saa nne usiku na kupungua alfajiri, kilele chote kinaweza kupita katikati ya kusoma kwa jioni na kwa asubuhi. Daftari litaonyesha siku ya kawaida. Kibao chenyewe pengine kimeshachukuliwa na maji hayohayo.

Ndiyo maana baada ya mafuriko kuna kazi ya haraka isiyohitaji kompyuta, nayo ni kutafuta alama za tope. Kuta za nyumba, vigogo vya miembe, milango ya maduka ya mabati: maji yakitulia kwa muda huacha mstari wa kahawia, na mvua mbili tatu huufuta. Timu nzuri hupita na darubini na kupima kimo cha kila mstari. Na timu nzuri zaidi huuliza. Mazungumzo huenda hivi.

"Shikamoo mama. Samahani, maji yalifika wapi hapa?"

"Marahaba mwanangu. Gani? Ya usiku ama ya asubuhi?"

"Yalikuja mara mbili?"

"Ya usiku ilikuja na tope, ikasimama hapo kwa dirisha. Ikashuka. Asubuhi ikaja ingine, safi kidogo, ikafika hapo kwa mlango tu."

Katika maneno hayo kuna habari ambayo hakuna setilaiti iliyoitoa. Vilele viwili maana yake ni mito miwili, au matawi mawili ya mto mmoja, yaliyofika kwa saa tofauti. Lile la tope limetoka mahali penye maporomoko au shamba tupu. La pili limepita kwenye kinamasi au msitu njiani, likachelewa na kuchujwa. Modeli ikitoa kilele kimoja hapo, ina kasoro hata kama kimo chake kimelingana na alama ya dirishani.

Kulinganisha huko ndiko kunakoipa modeli heshima, na ndiko kunakofanyika udanganyifu mwingi. Tuseme alama ya tope kwenye nyumba iliyo juu kidogo ya daraja ni mita 1.9 kutoka ardhini, na modeli inasema 1.4. Njia nyepesi ni kuongeza ukwaru wa mto hadi maji yapande. Ukifika 0.15 kwenye mto usio na magugu, namba zinalingana na ripoti inapendeza, lakini umeandika uongo. Nenda darajani. Utakuta magogo, migomba na visiki vya miti vimeziba nusu ya tundu, na mabaki ya majani yamening'inia juu ya kingo za chuma. Mto haukuwa na mkwaruzo mkubwa. Daraja ndilo lililogeuka bwawa. Tofauti hiyo si ya kitaaluma tu. Anayeamini ukwaru ataleta tingatinga lichimbe kilomita nzima ya mto. Anayeamini magogo atapanua daraja, au ataongeza makalavati kwenye tuta la barabara, na kuacha mto ulivyo. Matuta ya barabara na ya reli yaliyokatiza vinamasi vya huku, tangu enzi za reli iliyofika Kampala mwaka 1931, yanastahili kuangaliwa kabla ya mto kulaumiwa.

Modeli ikishakubali kulingana na mafuriko yaliyotokea, ndipo inapoweza kuulizwa kuhusu yasiyotokea bado. Hapa huja ile lugha ya "mafuriko ya miaka 100", ambayo imeleta msiba kwa kueleweka vibaya. Watu husikia kwamba yakishatokea mwaka huu, basi hadi wajukuu. Maana yake halisi ni mafuriko yenye uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, na kila mwaka kete inarushwa upya. Mtu anayejenga nyumba ya kukaa miaka 30 pembezoni mwa eneo linalofikiwa na mafuriko hayo ana nafasi ya asilimia 26 ya kuyaona, yaani zaidi ya mara moja katika nne.

Tuseme basi wilaya za Busia na Tororo zimeipa timu ya chuo kipande cha Malaba kilichoharibika, na mezani kuna mipango mitatu: kuchimba na kunyoosha, kujenga matuta, au kuurudishia mto bonde lake kwa kuondoa mashamba karibu na kingo na kuacha mafunjo yaote tena. Wa kwanza tumeshauona. Wa pili una mwalimu wake hapo karibu, Budalangi, ambako Nzoia unaingia Ziwa Victoria kati ya matuta yaliyoanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Yamepasuka mwaka 2003, 2007, 2008, na tena 2020, bila kutaja mengine. Tuta huuzuia mto usitapike mashapo yake kwenye uwanda, kwa hiyo mashapo hutulia katikati ya matuta, sakafu inainuka mwaka hadi mwaka, na kila tuta linapoinuliwa anguko lake linakuwa baya zaidi. Kuna pia hesabu ya majirani: weka tuta ukingo mmoja, na maji yaliyokuwa yakienda huko yatahamia ng'ambo. Kwenye mto wa kawaida hiyo ni kesi ya wanakijiji. Kwenye Malaba ni barua ya kibalozi.

Mpango wa tatu ndio ambao modeli huutetea vizuri kuliko mtu yeyote mwenye maneno matamu ya mazingira, kwa sababu inautetea kwa namba. Mafunjo yana ukwaru wa 0.1 na zaidi. Maji yanayoingia humo yanapoteza kasi, yanatandaa kwa kina kidogo, na kutoka taratibu kwa siku kadhaa. Kilele cha mafuriko kinashuka na kuchelewa. Modeli inaweza kusema ekari hizi zikirudishwa, maji kwenye soko la chini yatapungua sentimita kadhaa. Zile nyingine zikirudishwa hakuna kitakachobadilika, ziacheni zilimwe. Hilo la pili lina thamani kubwa. Ardhi oevu ya Uganda ilikuwa asilimia 15.6 ya nchi mwaka 1994 na ilishuka hadi karibu asilimia 9 mwishoni mwa miaka ya 2010. Waliolima humo ni watu wenye watoto shuleni kwa fedha ya mpunga, na kuwafukuza wote kwa pamoja ili kupona mafuriko ambayo yangezuiwa na sehemu ndogo tu ya ardhi hiyo ni dhuluma na pia uhandisi mbovu.

Sheria haisaidii sana hapa, maana inapima kwa rula. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 ziliweka ukanda wa hifadhi wa mita 100 kwa mito iliyoorodheshwa, Malaba na Manafwa ikiwemo, na mita 30 kwa mingine. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 zilitaka angalau mita 6 na zisizozidi 30. Pale ambapo mto ndio mpaka, mkulima wa magharibi anaweza kuambiwa arudi nyuma mita 100 huku akimtazama mwenzake wa mashariki akipalilia mahindi mita 30 kutoka majini, pengine karibu zaidi. Maji hayajui rula hizo. Kuna mahali ukingo ni mrefu na mita 10 zinatosha, na kuna mahali uwanda ni bapa hata mita 100 ni kichekesho. Ramani ya modeli ingeweza kuchora ukanda unaopanuka na kusinyaa kufuatana na ardhi, na ni rahisi zaidi kumweleza mtu kwamba shamba lake limo ndani ya maji ya kila mwaka wa tano kuliko kumweleza kwa nini mita 100.

Kuna mambo mawili ambayo modeli ya kawaida haiyajui vyema, na anayeyaficha asiaminiwe. La kwanza ni udongo. Modeli nyingi huchukulia sakafu ya mto kuwa imetulia. Lakini maporomoko ya Bududa ya mwezi Machi 2010 na ya Oktoba 2018 yalishusha mawe na tope vilivyobadilisha kabisa mito iliyovipokea, na vijito vya Busia hubeba tope la wachimbaji wadogo wa dhahabu wa maeneo kama Tiira. Mkato uliopimwa mwaka huu unaweza kuwa hadithi mwakani. La pili ni mlango wa mto. Mwezi Mei 2020 Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likivuka rekodi ya mwaka 1964. Ziwa likipanda hivyo, maji ya Sio na Nzoia hukosa pa kutokea na kurudi nyuma, na mto unafurika bila mvua kubwa. Modeli ya Sio iliyoundwa kwa kimo cha ziwa cha mwaka 2006, lilipokuwa limeshuka sana, ingekuhakikishia usalama wa vijiji vilivyokuwa ndani ya maji mwaka 2020.

Dar es Salaam wametangulia katika jambo moja. Bonde la Msimbazi, pamoja na kituo cha mabasi ya mwendokasi kilichojengwa Jangwani katikati ya njia ya maji, limefurika mara nyingi, na mwaka 2018 wahandisi, wataalamu wa mipango miji, viongozi wa mitaa na wakazi walikaa kwa miezi katika mikutano ambamo mapendekezo yaliwekwa mezani, yakapitishwa kwenye modeli, na kurudi mezani. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi uliotokana na kazi hiyo. Msimbazi ni mto wa jiji moja chini ya sheria moja. Malaba una serikali mbili, ingawa Mpango wa Bonde la Mto Nile umeziweka meza moja kwa ajili ya bonde la Sio, Malaba na Malakisi, na nchi hizo zimekuwa zikiandaa kwa pamoja bwawa la Angololo juu ya Malaba. Bwawa likijengwa, kila modeli ya chini yake itabidi ianze upya.

Kwa Malaba, ningeanza na jambo ambalo halimo katika hotuba za uzinduzi. Vimo vya ardhi vya Kenya huhesabiwa kutoka usawa wa bahari ya Mombasa. Vya Uganda vilirithiwa kupitia Khartoum, kutoka bahari nyingine kabisa. Kwa hiyo nguzo ya vipimo ya ukingo wa Kenya na nguzo ya ukingo wa Uganda, zinazotazamana juu ya maji yaleyale, hazikubaliani sifuri iko wapi, na modeli inayotumia mikato ya pande zote mbili bila kulijua hilo itaumwaga mto wote upande mmoja. Inatakiwa timu ya pamoja ivuke daraja la Malaba na darubini yake katikati ya foleni ya malori, isome fito kutoka nguzo hadi nguzo, irudi ikisoma tena kuhakiki, na maofisa wa nchi zote mbili watie saini tofauti iliyopatikana. Kibali cha kusimamisha darubini mpakani kitachukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe, kwa hiyo barua za kukiomba ziandikwe sasa, kabla kiangazi hakijafika na mto ukaweza kuvukwa kwa miguu.